Shehena Iliyokamatwa Haijaokoa Mmea: Kaktasi za Atacama na Mninga wa Tabora

Mwaka 2025 mahakama nchini Italia ilimtia hatiani mkusanyaji wa kaktasi ambaye polisi walimkuta, Februari 2020, na zaidi ya mimea 1,000 nyumbani kwake Senigallia, mji wa pwani ya Adriatiki. Mimea hiyo ilikuwa imeng'olewa porini katika jangwa la Atacama, nchini Chile, na thamani yake sokoni ilikadiriwa kupita dola milioni 1.2 za Marekani. Pamoja na adhabu ya kawaida, aliamriwa kulilipa fidia shirika la uhifadhi, jambo la nadra katika kesi za mimea. Hapa kwetu habari ya namna hii hupokewa kwa maneno yaleyale: wenzetu wako makini, mwizi kakamatwa, mimea imerudishwa kwao, kazi imekwisha. Mimi naona tunaisoma kinyume. Shehena iliyokamatwa ni kumbukumbu ya hasara iliyokwisha kutokea, na kadiri shehena zinavyokuwa kubwa ndivyo tunavyopaswa kuingiwa na hofu zaidi. Mmea adimu hupona palepale ulipoota au hauponi kabisa, na kinachoamua ni nani mwenye sauti juu ya ardhi ile na ananufaika vipi mmea ukibaki mahali pake. Nasema haya nikiwa Tabora, ambako uhifadhi wa mninga na mkurungu, miti yetu ya mbao, tunaupima kwa kipimo hichohicho kibovu: magogo mangapi yamekamatwa.

Najua kwa msomaji wa Nzega au Kasulu wazo la kaktasi kutoweka linachekesha. Kaktasi tunayoijua ni mpungate wa uani, ule ambao ukikata pande lake na kulitupa nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha linaota. Kule Laikipia, Kenya, jamaa zake wamevamia malisho hadi wafugaji wanahangaika namna ya kuwaondoa. Lakini ukoo wa kaktasi una spishi zinazokaribia 1,500, takriban zote asili yake ni mabara ya Amerika, na nyingi zina eneo dogo sana la kuishi, bonde moja au mlima mmoja tu. (Afrika ina moja tu ya asili, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu na wala haina miiba ya kumchoma mtu, wengi wamepita chini yake bila kujua ni kaktasi.) Tathmini ya wataalamu wa Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, wakiongozwa na Barbara Goettsch, iliyochapishwa mwaka 2015, ilionyesha kuwa asilimia 31 ya spishi za kaktasi zimo hatarini kutoweka. Kwa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Copiapoa, ambayo haipatikani kiasili popote duniani isipokuwa Chile, hali imekwenda mbio: mwaka 2013 asilimia 55 ya spishi zake zilihesabiwa kuwa hatarini, na mwaka 2024 zilifika asilimia 82.

Sababu ya kasi hiyo iko katika maumbile ya mmea wenyewe. Copiapoa huishi katika ukanda ambao mvua inaweza kukosekana miaka, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye ukungu wa bahari ambao Wachile huuita camanchaca. Katika mazingira hayo mmea hunenepa polepole mno. Kaktasi yenye ukubwa wa kichwa cha mtu yaweza kuwa ilikwisha kuota kabla Reli ya Kati haijafika Tabora mwaka 1912. Kuing'oa ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye sururu. Hakuna kasi ya askari wala ya mahakama inayoweza kulingana na tofauti hiyo ya dakika moja na miaka mia, na ndiyo maana napata tabu kuita ushindi jambo lolote linalotokea baada ya sururu kupita.

Angalia yaliyofuata baada ya ule msako wa Senigallia. Zaidi ya mimea 100 ilikufa. Mingine ilibaki Milan kwa utafiti. Aprili 2021 mimea 844 ilisafirishwa kurudi Chile, na picha za masanduku yale zikazunguka dunia. Sehemu ambayo picha hazionyeshi ni kwamba kurudi Chile si kurudi jangwani. Kaktasi iliyokaa miezi ndani ya banda la Ulaya, imebanana na mimea kutoka pembe zote za dunia, yaweza kubeba kuvu na wadudu ambao jangwa lile halijawahi kuwaona. Aliyeiiba hakuandika aliitoa kilima gani, na ukiipanda kilima kisicho chake unachanganya vizazi ambavyo vimetengana kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo mmea unabaki chini ya uangalizi, hai lakini umekatwa na kazi yake ya kuzaa porini. Kuna jambo jingine linaloudhi zaidi: mwaka 2013 mtu huyohuyo alikwisha kuhusishwa na shehena ya kaktasi kutoka Chile iliyonaswa Italia, na kesi ikachukua muda hadi ukomo wa kisheria ukapita. Kukamatwa kwa mara ya kwanza hakukumfundisha kitu, labda kulimfundisha tu kuwa na subira.

Wanaotetea mkono wa chuma wana hoja nzito na sitaki kuipuuza. Kaktasi karibu zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, tangu mwaka 1975, nyingi katika Kiambatisho cha Pili, ambako biashara inaruhusiwa kwa kibali, na chache zilizo katika hali mbaya zaidi katika Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya mimea ya porini imefungwa. Mkataba bila askari ni karatasi. Kama mwizi hana cha kuogopa uwanja wa ndege, atarudi kesho na begi kubwa zaidi. Na ile fidia iliyoamriwa Italia ni hatua ya maana, kwa kuwa inaweka bei kwenye madhara yaliyofanyika jangwani na si kwenye bidhaa tu. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kuufanya msako kuwa kipimo cha mafanikio. Idara inayopimwa kwa wingi wa shehena itaweka watu wake barabarani na bandarini, kwa sababu huko ndiko namba zinakopatikana. Kilima chenye kaktasi 300 ambacho hakijaibiwa hata moja mwaka mzima hakitoi namba yoyote, hivyo hakipati mlinzi wala bajeti. Halafu kuna uharibifu usio na mwizi wa kukamatwa. Tathmini ile ya 2015 ilitaja ubadilishaji wa ardhi kuwa mashamba na malisho miongoni mwa vitisho vikubwa vya kaktasi duniani, pamoja na ukusanyaji na ujenzi. Barabara mpya na makazi yanayosogea Atacama hayapiti forodhani. Huko Florida, Marekani, kaktasi ya mti ya Key Largo ilitangazwa mwaka 2024 kuwa imetoweka kabisa porini nchini humo: maji ya chumvi yalikuwa yamepanda hadi kwenye mizizi yake, dhoruba zikaongeza, na mwaka 2021 wahifadhi wakaamua kukusanya mabaki mabichi na kuyapeleka kwenye vitalu. Bahari haifungwi pingu.

Kambi ya pili inasema: zalisheni kwa wingi, jazeni soko, mwizi akose mteja. Hii ninaipenda zaidi, na ushahidi wake unaonekana hata mtaani kwetu. Dada ninayenunua kwake maua hapa mjini huzalisha kaktasi zake kwa kukata pande, kuliacha siku kadhaa hadi kidonda kikauke, kisha kulichomeka kwenye mchanga, na sijawahi kusikia mtu aliyekwenda Chile kwa ajili ya kumshinda bei. Kaktasi adimu pia huota kwa mbegu, na ikipandikizwa juu ya shina la kaktasi inayokua haraka, hukua kwa kasi ambayo porini haiwezekani. Mteja anayetaka kitu kizuri cha kuweka dirishani anaweza kuhudumiwa na kitalu bila jangwa kuguswa. Tatizo ni kwamba tathmini ya 2015 ilikuta kwamba asilimia 86 ya kaktasi zilizo hatarini na zinazotumika kwa maua na mapambo hutolewa porini. Soko la juu linataka uzee. Copiapoa ya porini ina rangi ya kijivu na imefunikwa na utando kama vumbi unaoikinga na jua kali. Ya kitalu ni ya kijani. Mnunuzi anaijua tofauti hiyo, na kwake yeye ule ukijivu ndio bei. Kitalu kinapunguza wateja wa chini na wa kati, na hilo si dogo, ila hakimfikii yule anayelipa maelfu ya dola kwa makovu ya miaka mia. Tena kinaweza kugeuzwa kichaka cha kujificha, mtu akachanganya mimea ya porini na ya bandani na kuiombea kibali kimoja.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa wakusanyaji wenyewe, na nashangaa namna inavyopata wasikilizaji. Wanasema: jangwa linachimbwa madini, barabara zinapasuliwa, ukungu unapungua, kwa hiyo mmea uliomo nyumbani kwangu uko salama kuliko ulioko kwao, mimi ndiye mhifadhi. Tuichukulie kwa uzito wake. Mmea mmoja wa kaktasi, kwa spishi nyingi, hauwezi kujichavusha. Unahitaji mwenzake wa spishi hiyohiyo na mdudu au ndege wa kubeba chavua. Ndani ya nyumba Ulaya hauna mwenzake, hauna mdudu, hauna sisimizi wa kuzoa mbegu zake. Hauna hata anwani, kwani mkusanyaji wa magendo hathubutu kuandika mahali ulipotoka. Bustani ya mimea inayofanya kazi ya uhifadhi hukusanya mbegu chache kutoka mimea mingi, kwa kibali, ikiandika kila moja ilitoka wapi, na kuacha wazazi mahali pao. Mkusanyaji hufanya kinyume cha kila kimoja: anachukua mzazi, anaacha shimo. Na kama kweli hofu yake ni mgodi, tungemwona akiokota mimea iliyo mbele ya greda. Anachokwenda kuchukua ni ile mizuri, popote ilipo.

Basi mimea iliyopona, ilipona vipi? Mfano ninaoupenda ni wa kaktasi ndogo ya Texas iitwayo Tobusch, yenye miiba iliyopinda kama ndoana. Mwaka 1979 ilipoingizwa kwenye orodha ya Marekani ya spishi zilizo katika hatari kubwa, mimea iliyojulikana ilikuwa chini ya 200. Mwaka 2018 ilishushwa daraja, ikawa katika hatari ndogo zaidi, baada ya maelfu kupatikana. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na kutafuta, wala haikutokana na kupanda, na utafutaji huo ungeshindikana bila ridhaa ya wenye ardhi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Mfugaji aliyeamini kuwa kaktasi ya serikali ikionekana shambani kwake atapokonywa uhuru wake, angefunga geti, au pengine angeimaliza usiku. Mfugaji aliyehakikishiwa kuwa ataendelea kuchunga alimwonyesha mtaalamu njia. Haya hayapigwi picha za masanduku.

Sasa turudi Tabora na Kigoma. Hatuna jangwa. Tuna miombo, na ndani yake mninga, ambao kitanda chake kila familia ya Tanzania inakitamani, na mkurungu, ndugu yake mwenye mti mwekundu ambao Wazambia huuita mukula na ambao wafanyabiashara wa Mashariki ya Mbali waliufuata kwa kishindo. Mkurungu uliingizwa Kiambatisho cha Pili cha CITES mwaka 2019. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jenasi yake yote ya Afrika ikafuata, mninga ukiwemo. Wengi walidhani hapo mti umepata kinga. Mkataba ule unahusu mipaka ya nchi tu. Mbao inayotoka Kaliua kwenda kwa fundi seremala Mwanza haiuhusu kabisa, na mti unaokatwa kutoa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, au kufyekwa kupisha shamba jipya, hauuhusu hata chembe. Tunachokiona kwenye taarifa ni lori lililozuiwa kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, magogo yasiyogongwa nyundo ya alama ya maafisa misitu, kisha mnada. Gogo la mninga lililopigwa mnada lina faida kwa hazina, lakini msitu ulioachwa nyuma haupati chochote. Tofauti na kaktasi ya Senigallia, gogo halina hata ule upuuzi wa kurudishwa.

Wenye kuijua miti watasema mninga si kaktasi, unachipua. Ni kweli nusu. Mche wa mninga una tabia ya ajabu: kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena masika, huku mzizi ukijijenga chini kimyakimya. Mtu akipita anaona kijiti kisicho na thamani. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukirudi kila mwaka, mche unaweza kukaa chini muda mrefu bila kuinua kichwa. Tunapiga picha na lori. Ile michipukizi ambayo ndiyo mninga wa mwaka 2080 hakuna anayeihesabu, na kijana anayewasha moto kuwinda panya au kusafisha njia haitwi jangili na mtu yeyote. Kama ningepewa nafasi ya kuuliza swali moja kwa kila wilaya yenye msitu, nisingeuliza wamekamata mbao ngapi. Ningeuliza vipande vingapi vya msitu vimepita miaka mitano bila moto wa mwisho wa kiangazi, na nani alivilinda.

Nani alivilinda ndilo swali lenyewe, na mkoa wa Kigoma una jibu ambalo tunalizungumzia kidogo kuliko linavyostahili. Vilima vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe vilikuwa vipara mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mpango wa TACARE, ulioanza na mambo ambayo wanavijiji wenyewe waliyataja, maji, afya, mashamba, kabla ya kuzungumza miti. Vijiji vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao, na sehemu ya miombo ikarudi, kwa kiasi kikubwa kutokana na visiki vilivyoachwa vichipue. Nzega na Igunga, pamoja na majirani wa Shinyanga, wana ngitili, kipande cha malisho na miti kinachofungwa wakati wa masika kwa sheria za wenyeji. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ulipoacha kuleta miche ya nje na kuirudia ngitili, hekta zaidi ya 300,000 zilirejeshwa mkoani Shinyanga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa mwanakijiji mlango: kijiji kikitangaza msitu wake wa hifadhi, kinaweza kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Vijiji vya Kilwa vilifanya hivyo kwa mpingo na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ambacho kabla yake misitu ya asili ya vijiji barani Afrika haikuwa nacho.

Kuna pingamizi la haki hapa. Serikali ya kijiji inaweza kuwa mwizi yenyewe. Wapo wenyeviti waliogonga muhuri kwenye barua ya uvunaji kwa bei ya pikipiki. Tena mapato ya mbao yakiwa matamu sana, kijiji kinaweza kuvuna kupita kiasi kwa mikono yake kikiwa na baraka zote za kisheria. Pingamizi hili linanifanya nitake mkutano mkuu wa kijiji usome hesabu hadharani na afisa misitu aje kuhesabu michipukizi pamoja nao, lakini halinifanyi nirudi kwenye kizuizi cha barabarani. Mwenyekiti fisadi ana majirani wanaomwona. Lori linalopita saa nane usiku lina dereva na askari tu.

Na mfugaji nyuki wa Sikonge anaweza kuwa mlinzi bora kuliko wote, kwa sababu anao mzinga juu ya mti ule na analala porini msimu mzima. Lakini akiripoti watu wa misumeno leo, kesho anaitwa shahidi, anafuata kesi mjini kwa nauli yake, na gogo linapigwa mnada bila yeye kupata hata shilingi. Fidia ile ya Italia, ambayo wengi waliiona kama tone la mwisho la adhabu, kwangu ndiyo sehemu ya hukumu inayofaa kuigwa hapa: sehemu ya fedha za kila mnada wa mninga na mkurungu ipelekwe kwenye kijiji ambacho gogo lilitoka, ikiwa kijiji hicho kina msitu wa hifadhi uliotangazwa. Inahitaji gogo lijulikane lilitoka wapi, na hapo ndipo nyundo ya msitu, vitabu vya vibali na simu za wanakijiji zitakapopata kazi zaidi ya kutoa namba za taarifa ya mwaka.